Majina ya Chaki Kwenye Mlango wa Stoo

Mlango wa stoo ya michezo ya chuo chetu cha ualimu, Biharamulo, ulikuwa na mabawa mawili ya mbao. Bawa la kushoto lilibeba majina kumi na mawili ya timu ya mwaka uliopita, kwa rangi nyeupe ya mafuta, yaking'aa kama meno ya mtu mwenye furaha. Bawa la kulia lilibeba majina tisa ya mwaka huu, kwa chaki.

Huo ulikuwa utaratibu wetu, wasichana wa mpira wa kikapu. Kila msimu majina huandikwa kwa chaki, kwa kufuata jinsi watu walivyojiunga. Timu ikishinda mechi yake ya kwanza na chuo kingine, nahodha wa mwaka uliopita anarudi na kopo la rangi na kuyapitia majina yale kwa brashi mara mbili, moja baada ya jingine. Isiposhinda, yanabaki chaki, na chaki ina maadui wengi: mabega ya wapitaji, mbuzi wa jirani wanaokuja kujikuna, na mvua. Kabla yangu, tuliambiwa, kulikuwa na timu ambayo haikushinda. Hakuna aliyejua walikuwa nani.

Mimi nilikuwamo kwenye mabawa yote mawili, peke yangu. Kushoto nilikuwa wa mwisho, nimebanwa chini kabisa kwenye bawaba, hata herufi moja ya jina langu imepanda juu ya kichwa cha msumari. Msimu mzima nilicheza dakika za kuchemsha yai, na yai lenyewe lisiive. Wenzangu kumi na moja walikuwa wa mwaka wa pili. Wakahitimu, wakapangiwa shule, nikabaki mimi na mpira. Ndivyo nilivyoupata unahodha. Sikuchaguliwa, nilisalia.

Jioni nilikuwa na tabia ya kukaa mbele ya mlango ule na kulinganisha bawa na bawa. Wa kwanza kushoto: dada nahodha wetu, aliyeweza kudunda mpira huku anakusimulia habari za bwenini na huku anakutukana kidogo. Wa kwanza kulia: mimi. Wa pili kushoto: msichana mrefu ambaye tulimtuma kutoa nguo zilizonaswa juu ya paa. Wa pili kulia: msichana aliyeniomba mimi nimtolee. Nilishuka hivyo jina kwa jina, na kila nikifika chini nilikuwa nimechoka kama niliyelima.

Urefu ningeuvumilia. Tatizo lilikuwa kwamba wote wanane walitoka kwenye netiboli. Mashuleni kwao, msichana akipewa mpira, anapewa wa netiboli, na huko akiudaka anasimama. Hadundi wala hatembei nao. Na anayemkaba anakaa umbali wa hatua moja, mikono juu, kwa heshima zote. Miguu yao ilikuwa imelishika somo hilo kuliko mimi nilivyowahi kulishika somo lolote.

"Dunda!" nilikuwa nikipiga kelele mazoezini.

"Nidunde nini tena, dada? Si nimeshaudaka?"

"Msogelee! Mkabe!"

"Nimemkaba. Hatua moja, hiyo hapo, pima."

"Huku hakuna hatua moja!"

"Basi nimlalie?"

Wa mwisho kujiunga alikuwa msichana wa Kaniha, ambaye wazee wake walihamia huko na ng'ombe wao kutoka upande wa Shinyanga. Alikuwa mfungaji hodari wa netiboli, na alikuwa na adabu ya ajabu: kila aliyempa mpira alimshukuru kwa Kisukuma, "Wabeja!" Kisha alibana miguu, akakunja magoti, akalenga kama anatunga uzi kwenye sindano. Mpira wake ulikuwa ukiingia. Lakini alipomaliza kulenga, mpinzani alikuwa ameshafika, amesalimia na ameondoka na mpira.

Dada nahodha, ambaye sasa alifundisha shule ya msingi Nyantakara, alizisikia habari zetu. Akaniandikia kwenye simu: "Nasikia unafundisha netiboli yenye ubao." Siku mbili baadaye akaongeza: "Wale wa Ngara wakija, nitakuja. Kopo ninalo. Usinirudishe nalo."

Sikulala vizuri wiki ile. Kushindwa nilikuwa nimekuzoea, nikiwa benchi. Nilichoogopa ni bawa la kulia. Wanane wale waliniita dada, walinifulia hata jezi bila kuombwa, na nilikuwa naelekea kuwafanya timu nyingine ambayo hakuna atakayejua walikuwa nani.

Chuo cha Ngara kilifika Jumamosi, na wachezaji wake walishuka garini wakiinama mlangoni. Dada nahodha alikuja kwa bodaboda, kopo ndani ya mfuko wa kitenge. Wasichana wangu walimpokea kwa pamoja:

"Shikamoo, mwalimu!"

Alikuwa amewazidi miaka miwili. Aliionja kwanza ile shikamoo. "Marahaba, wanangu." Kisha akanivuta kando. "Wafupi."

"Wako wanane, na mimi wa tisa."

"Wafupi tisa, basi."

Akaenda kukaa pembeni ya uwanja, juu ya kopo lake.

Kipindi cha kwanza tulidunda kama nilivyowafundisha, yaani mpira uligonga vidole vya miguu yetu na kukimbilia kwa wageni, ambao waliupokea bila hata kushukuru. Wakatuacha kwa pointi kumi na mbili. Wakati wa mapumziko mwalimu wa michezo, ambaye sheria alizisoma kwenye kijitabu na kijitabu alikuwa nacho mkononi, alisema tudunde zaidi. Alipokwenda kumwona mwamuzi, yule wa Kaniha akanishika mkono.

"Dada, tusidunde."

"Ni kikapu hiki."

"Kijitabu kinakataza kutodunda?"

Niliwaza. Nilimtazama dada nahodha. Alikuwa anapiga miayo juu ya kopo.

"Hakikatazi," nikasema. "Haya. Chezeni mnavyojua. Pete iko juu sawasawa na ile yenu."

Nikiwakumbuka sasa, bado nacheka. Mpira haukugusa ardhi. Ulitoka mkono hadi mkono, haraka haraka, kama wanavyopokezana tofali la moto, na warefu wa Ngara wakawa wanaufuata kama watu wanaokimbiza kuku wa mgeni. Wabeja! ikasikika chini ya pete. Wabeja! Na yule wa Kaniha akapata muda wa kubana miguu, kwa sababu kila aliyetaka kumzuia alikuwa bado anatafuta mpira upande wa pili.

"Huyu anamshukuru nani?" aliuliza beki wao mmoja, akihema.

"Mwenzake," nikamjibu. "Na wewe mshukuru wako."

Tulifikia ishirini na sita kwa ishirini na sita, zikiwa zimebaki dakika tatu, na dada nahodha amesimama, kopo limepinduka miguuni pake. Ndipo mvua ikashuka. Ilikuja ya ubavu, na upepo, ya kumpiga mtu sikioni. Mwamuzi alisubiri kidogo, akaangalia uwanja ukigeuka tope, akaukumbatia mpira na kuonyesha kwa mikono: sare, basi.

Wageni walikimbilia baraza la bwalo. Mimi niligeuka kuwaita wangu wafuate, nikaona hawapo.

"Majina!" mmoja alikuwa amepiga kelele.

Wote wanane walikuwa kwenye mlango wa stoo. Walikuwa wamelikinga bawa la kulia kwa migongo, bega kwa bega, wawili wamechuchumaa mbele kuzuia maji ya chini. Hakukuwa na hatua moja pale. Majuma saba niliwaomba wamsogelee mtu hivyo, nikaishia kupimiwa. Nikaenda nami nikasimama, mikono nimeitanua kadiri ilivyofika.

Mvua ilipopungua tulibanduka polepole. Mbao zilikuwa safi. Hata herufi moja haikubaki. Chaki yote ilikuwa imehamia migongoni, madoa meupe kwenye jezi za bluu.

Dada nahodha alivuka tope, viatu mkononi, kopo kwapani.

"Sheria ni kushinda," akasema.

"Najua."

"Sare si kushinda."

"Najua, dada."

Akamgeuza yule wa Kaniha kwa mabega, akautazama mgongo wake kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua yenye mwandiko mbaya. Kisha akacheka hadi akaniegemea.

"Mwaka wetu ingenyesha hivi, tungekimbilia bwenini. Na mimi ningekuwa wa kwanza." Akalitua kopo, akagusa mbao kwa kiganja. "Rangi haishiki kwenye maji, na dereva wangu wa bodaboda hataki giza. Kopo nakuachia. Mbao zikikauka, paka mwenyewe. Mkono mmoja tu wa rangi, umesikia? Wa pili ni wa ushindi."

Kesho yake, baada ya ibada, nilipaka. Rangi ya mkono mmoja ni hafifu, mbao zinaonekana ndani yake. Yule wa Kaniha alichuchumaa kando yangu nilipofika chini.

"Dada, mbona mimi niko kwenye bawaba?"

"Ulijiunga mwisho."

"Herufi yangu itapanda msumari."

"Na yangu imepanda. Tazama kushoto."

Akatazama. Akapitisha kidole juu ya jina langu la mwaka uliopita, kwenye rangi nene.

"Yako ina mikono miwili," akasema. "Sisi mkono wa pili tunaupata lini?"

Nikampa brashi amalizie herufi yake ya mwisho. Akabana miguu, akakunja magoti, akalenga, akalenga tena, mpaka rangi ikamdondokea mguuni.