Simu ya Papa Isidore na Somo la Kwanza

Kioo cha simu ya Papa Isidore kilikuwa kimekufa siku nyingi, na mwenyewe hakuwa na habari. Simu ilikuwa inaongea, vidole vyake vinaiamuru, nayo inatii. Kioo cheusi kitamsumbua nini mtu asiyeona? Ni mimi niliyemwambia, siku nilipotaka kumsaidia kutafuta namba ya mtu nikakuta giza tupu. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Kumbe tuko sawa, mimi na ye," akasema. "Sisi wote wawili tuko bipofu, na tunasikilizana muzuri."

Mimi ni jirani yake hapa mtaa wa Nyalukemba, ambako baba ni Papa na mama ni Maman. Watu wananiita Maman Ariane, nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, pale soko la Nyawera, na ulimi wangu soko lote linaujua. Nasema haya mapema ili mfahamu kwamba mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nimeona mengi na mengi nimeyabeza. Lakini Papa Isidore alinishangaza, na mpaka leo nikikumbuka nywele zinanisimama.

Zamani alikuwa fundi wa nguo. Nusu ya wanaume wa mtaa huu walioa wakiwa wamevaa suti iliyotoka mikononi mwake. Kisha ugonjwa wa macho ukamjia polepole, ukachukua sindano, ukachukua uzi, ukachukua nyuso za watoto wake, akabaki na vidole. Hata sasa ukimpa kitenge anakipapasa, anakuambia kama ni wax ya kweli au umedanganywa. Mara nyingi umedanganywa.

Mke wake, Maman Monique, ndiye alikuwa macho yake. Alimsomea ujumbe wa watoto, dawa, hata maandishi ya kwenye gunia la unga. Na Jumapili ni yeye aliyepanda mbele parokiani kusoma somo la kwanza la misa, kwa Kiswahili, bila haraka. Papa Isidore alikaa benchi ya mbele, kichwa kimeinama, kofia magotini. Ungemwona siku hizo ungejua kwamba mtu anaweza kumpenda mkewe kwa masikio.

Maman Monique alifariki mwaka jana. Misa ya kumaliza mwaka wa kilio ilipokaribia, Papa Isidore alimwita Chrispin, mkubwa wa wasomaji parokiani, akamwambia mbele yangu, "Somo la kwanza nitasoma mimi."

Chrispin ni kijana mwenye heshima. Alijikuna kichwa. "Papa, utasoma aje? Basi tukufundishe, utashika kwa kichwa."

"Hapana. Kwa kichwa ni kukumbuka. Monique hakukuwa anakumbuka, alikuwa anasoma. Na mimi nitasoma."

Wakapatana hivi: Jumamosi Chrispin atakuja kumsikiliza, na Valérie, msomaji mwingine, atakaa tayari asije mzee akaaibika mbele ya watu. Nilikasirika kusikia hilo. Lakini moyoni na mimi niliogopa.

Sasa, ile simu yenye kioo kilichokufa ilikuwa iPhone, aliyoletewa na binti yake Christine aliyeko Brussels. Kila kitu unachogusa kwa kidole inakisoma kwa sauti. Nilimwandikia somo, nikamtumia, akaweka kidole. Mungu wangu! Ilisoma Kiswahili kama padri mzungu aliyeshuka kwenye ndege asubuhi ileile. Mkazo wote mwishoni mwa neno, herufi nyingine imezimeza. Mimi niliyezaliwa ndani ya Kiswahili sikushika hata neno moja.

Kosa halikuwa la simu. Simu ilikuwa imewekwa kwa Kifaransa, kama zetu zote. Mjini kwetu Kifaransa ni cha shule na cha ofisi, Kiswahili ni cha soko na cha sala, na simu tumeiweka upande wa ofisi tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyewahi kuiuliza kama inajua Kiswahili, kama vile humuulizi prefe, mkuu wa shule, kama anajua kusonga bugali.

Basi nikamshika mkono tukaenda dukani kwa Elysée, dada anayeuza simu juu ya soko. Elysée alichukua iPhone mpya, maana ile ya kioo cheusi hakuweza kuifanya lolote (macho yake yalikuwa hayana kazi pale, na Papa Isidore alifurahi sana kwa hilo). Akatafuta kwenye orodha ya sauti za kusoma. Akapita Kichina, akapita Kiarabu, Kiswahili hatukukiona. Labda kilikuwako mahali, sisi hatukujua pa kutazama. Papa Isidore akainamisha kichwa.

Mimi nikapandwa na hasira. Nikaonyesha Android moja iliyokuwa kwenye kabati. "Na ile kule, haijui?"

Elysée akacheka. "Maman, ni nani anawekaka simu mu Kiswahili?"

"Weka."

Akaiwasha, akageuza lugha, akatafuta sauti, akaweka. Akamshika Papa Isidore kidole, akakigusisha kwenye kioo. Na simu ikasema, kwa sauti ya mwanamke mtulivu: "Saa tano na dakika ishirini."

Mteja mmoja aliyekuwa anabishana juu ya chaja aliiweka mezani. Elysée, anayeuza simu hizo kila siku ya Mungu, alishika mdomo. Na Papa Isidore akavua kofia, taratibu, kama anavyofanya mlangoni pa kanisa.

"Inasema Kiswahili ya kanisa," akanong'ona. "Maman Ariane, unasikia? Inatujua."

Nilisikia. Machozi yalinijaa, sina aibu kusema. Umri wangu wote vitu vyenye akili vimekuja kwetu na lugha ya mwingine, na sisi ndio wa kusogea. Siku ile kitu kilisogea kikatufuata.

Ungedhani jambo limekwisha, lakini mzee alisimama pale, simu moja mkono wa kuume, nyingine wa kushoto, jasho linamtoka. "Hii ya Christine, vidole byangu bilikwisha kuijua," akasema. "Hii ingine, vidole byangu bitakuwa bipofu tena. Na misa ni Jumapili."

Nilimwandikia Christine habari hiyo, naye akapiga simu tukiwa bado dukani. "Papa, usibadilishe," akasema. "Nitakutumia mupya, sawa na ile tu. Utapotea mu hiyo ingine."

"Mwanangu, ile yako ni nzuri, merci sana. Lakini ile inanisomea kama bazungu. Minatafuta ya kunisomea kama mama yako."

Christine akasema, "Basi chukua hiyo, Papa." Sauti ilikuwa imembadilika.

Kweli alipotea. Simu ya zamani ilikuwa na kifungo chini, ukikibonyeza unarudi mwanzo. Hii mpya haikuwa nacho, ilibidi achore pembe kwa kidole, juu kisha kushoto. Kidole gumba chake kilikuwa kinabonyeza pale pasipo na kitu, kinabonyeza tena, na mzee anaiuliza simu imeficha wapi. Siku moja alipita uani mchana kweupe na tochi ya simu inawaka, watoto wakacheka. "Achaneni na mimi," akawajibu, "kwangu ni usiku."

Somo nililiandika upya, kila sentensi ujumbe wake. Akipitisha kidole kuelekea kulia, simu inamsomea sentensi moja sikioni, naye anaitoa kwa sauti yake. Ila mwisho wa kila ujumbe simu inataja na saa ulipotumwa, na Papa Isidore, kwa juhudi, alikuwa anaitoa na hiyo. Jumamosi Chrispin alipokuja, alisikia maneno matakatifu yakifuatwa na "saa tatu na dakika kumi na mbili". Akajiuma mdomo.

"Papa, ukitutajia saa kesho, waumini watajua misa imechelewa."

Tulicheka wote, Papa Isidore kutushinda. Lakini Chrispin alipoondoka nilimsikia barabarani akimwambia Valérie kwa simu avae vizuri, huenda akasoma.

Jumapili kanisa lilijaa. Chrispin alimshika mzee mkono akampandisha mbele, akamwekea maikro mdomoni, akashuka. Papa Isidore aliweka kifaa cha kusikilizia katika sikio moja. Akashika simu kifuani. Niliona kidole gumba kikishuka chini kutafuta kile kifungo. Nikajua amepotea. Kidole kikabonyeza, kikabonyeza tena, na Valérie akanyanyuka nusu kwenye benchi.

Kisha kidole kikatulia. Kikachora pembe, juu, kushoto, na kuanza tena safari yake. Na Papa Isidore akafungua mdomo, akasoma.

Alisoma sentensi, akanyamaza akisikiliza, akasoma nyingine. Saa hakutaja hata moja. Na katika ule unyamavu wa katikati tulimsikia Maman Monique, kwa maana hivyo ndivyo alivyokuwa anapumua, bila haraka, sentensi na sentensi. Sijui kama alimwiga au simu ilimlazimisha. Najua tu kwamba Valérie alikaa chini akafunika uso, na Chrispin alikuwa amesimama mdomo wazi. Kanisa zima hakukohoa mtu. Hata watoto wachanga walinyamaza, na hilo sijawahi kuliona parokiani kwetu.

"Neno la Bwana," akamaliza.

Tulipaswa kuitika. Hakuna aliyeitika. Watu mia kadhaa tumekaa tunamtazama, tumesahau kwamba tuna midomo, na tumesahau kwamba yeye hatuoni tukimtazama.

Akangoja. Nikaona uso wake unaanza kuingiwa na hofu. Akasogeza mdomo kwenye maikro.

"Muko?" akauliza.

Mungu nisamehe, ni mimi niliyepiga kelele ya kwanza, na kanisa lote likanifuata: "Tumshukuru Mungu!" Mabati yalitetemeka. Chrispin alimrudisha kwenye benchi ya mbele. Papa Isidore akakaa, akaweka kofia magotini, akaniinamia mimi niliyekaa kando yake.

"Maman Ariane, juu ya nini mulinyamaza? Nilizani mumetoka."

"Tulikuwa tunasikiliza, Papa," nikamwambia. "Sawa vile weye ulikuwa unamusikilizaka."