Galaksi Iliyotundikwa Juu ya Meko

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, nilikuwa mwalimu wa fizikia Vuga, kwetu milimani. Kwenye mitumba ya Mombo nilinunua picha ya galaksi ya mbali. Ukungu wa kwetu huozesha karatasi, hivyo mama akaitundika juu ya meko, pamoja na mbegu za mahindi.

Miezi mitatu baadaye, siku ya wazazi, niliipeleka shuleni nikamwonyesha mkaguzi wa shule mawingu ya kahawia pichani.

"Hili ni vumbi na gesi, tangu ulimwengu ungali mchanga. Humo ndimo nyota huzaliwa."

Mkaguzi akaandika. Mama, aliyeketi kati ya wazazi, akainuka, akalowesha ncha ya kanga kwa mate, akaifuta picha. Mawingu yote yakahamia kwenye kanga.

"Samahani, mwalimu," akaniambia, "huu ni moshi wa jikoni kwangu."