Wifi Yangu Aliikimbilia Namba Yangu, Nikamrudisha kwa Kaka

Admin, nifichie jina. Mimi ni mama wa miaka 38, Mmaasai wa Kajiado, nesi, na naishi Harrow hapa London kwa miaka kumi na tano sasa.

Miaka minne iliyopita, mimi na wanawake watatu wa kwetu tulianzisha kikundi. Tulichoka kuona akina mama wanaopigwa wakinyamaza kwa sababu Kiingereza hawakijui na viza ni ya mume. Tunawasindikiza polisi, tunawatafsiria, tunawatafutia pa kulala. Namba ya kikundi ni yangu, tumeibandika saluni na makanisani.

Jumanne moja mchana nilikuwa ofu, napiga pasi, mlango ukagongwa. Alikuwa wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja, na binti yao wa miaka sita. Jicho moja lilikuwa limevimba hadi likafumba, na shingoni alama za vidole. Akaniambia, "Leo sikuja kwako kama wifi. Nimekuja kwa ile namba." Akasema kaka amemwambia akienda polisi, ataandikia ofisi ya uhamiaji Croydon arudishwe Kenya bila mtoto.

Mama mwingine yeyote ningemwitia teksi papo hapo. Yeye nilimpa chai, nikaingia chooni, nikampigia kaka.

Alifika baada ya saa moja, mpole, na mkate na maziwa mkononi kama mgeni. "Ni hasira tu, dada. Sitarudia." Nikamwambia wifi, "Nendeni nyumbani. Hili tutalikalia kikao kama familia." Hakubishana. Mtoto alisema kwa Kiingereza kwamba hataki kwenda. Zipu ya koti lake niliifunga mimi.

Kikao hakikukaliwa. Wiki tatu baadaye kaka alimvunja mkono. Jirani akaita polisi, na mwenzangu wa kikundi akampeleka wifi nyumba ya hifadhi. Wifi hakumwambia yeyote kwamba alianzia kwangu.

Kaka yuko rumande. Anasema mkewe alianguka kwenye ngazi. Polisi wanatafuta mtu aliyewahi kumwona na majeraha kabla ya hapo, na mtu huyo ni mimi peke yangu. Mama, aliyeambiwa yote na kaka, amenipigia kutoka Kajiado: "Ukimfunga mwanangu, siku nikifa usije kunizika." Na wenzangu wakijua nilichofanya, kikundini sina mahali tena.

Nilikwenda kumwona wifi, nikamwomba radhi. Akaniuliza, "Utasema kortini?" Mkono wake ulikuwa kwenye plasta, akanipa chupa ya juisi ya mtoto nimfungulie. Nikafungua.

Tangu hapo sihisi kitu. Naenda zamu, natoa dawa, napika, nalala. Simu ya kikundi ikilia napokea na kusema yale yale: "Uko salama sasa hivi? Usirudi kwake." Sauti naisikia kama ya mtu mwingine. Sijalia hata siku moja.

Kesi ni mwezi ujao. Nikisimama, nimepoteza mama na kaka. Nikinyamaza, huenda kaka akaachiwa, na yule mtoto akavalishwa koti tena arudi kwake. Mnaosoma hapa, mngekuwa mimi mngefanya nini? Nijibuni bila kunionea huruma.