Aliyemfuata Mkunga Nyumbani Kwangu

Usinicheke. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinifika mimi mwenyewe, mchana kweupe, pale Bagamoyo mjini, mtaa wa pili kutoka soko la samaki.

Mume wangu alikuwa akivua mbali, kwenye maji ya kina kirefu. Asubuhi moja alirudi na mkunga, lakini mkunga gani yule! Mweusi tii, mwembamba kama mjeledi, mdomo mpana kuliko mwili, umelegea kama mfuko. Ameshakufa, na bado ncha ya mkia inang'aa wekundu. Akamlaza kwenye beseni la barafu.

"Kesho anakuja mwalimu wa chuo cha uvuvi kumtazama. Usimpe mtu," akaniambia. Kisha akaenda kulala kwa mama yake, maana kwetu binti alikuwa mchanga, analia kutwa.

Adhuhuri, watu wako msikitini, nikasikia hodi. Mwanamke. Buibui lake linachuruzika maji, na mvua haikunyesha wiki nzima. Nikamtolea salamu.

"Nimemfuata mwanangu."

Nilijuaje kuwa anamtaka yule mkunga? Hata leo sijui. Lakini nilijua, na nikakana.

"Hapa hakuna mtoto ila wangu, dada."

Akamtazama binti yangu mkekani, kwa macho makubwa yasiyopepesa.

"Basi nipe huyo. Sisi huzaa mara moja tu, tukafa. Mimi kifo changu kinaningoja nimpate wangu."

Taya likashuka. Wallahi, likashuka mpaka kifuani, na ndani giza tupu! Nikalivuta beseni, nikamsukumia miguuni. Akainama, akammeza mkunga mzima mzima, taratibu, huku machozi yakimtoka. Akaondoka. Chini ya buibui kitu kirefu kikaburuzika mchangani, kikimulika.

Mume wangu aliniita mwongo, mpaka alipotia kidole kwenye maji yaliyotuama sebuleni, akakilamba. Yalikuwa ya chumvi, na baridi ya kuuma mifupa. Hakupanda boti tena. Sasa tuko Kerege, anafyatua matofali. Binti yu mzima, anasoma.

Mimi ndiye nisiyetulia. Nalala, naamka, nampapasa mtoto, nalala tena. Na niamini, si lile taya linalonisumbua. Mama alikuja kudai maiti ya mwanawe, nami nikamtazama usoni nikamwambia hayupo.

Kama una mtu wako baharini, mwambie: wavu ukipandisha kitu kutoka kusikofika jua, akirudishe palepale. Asikilete kwenye nyumba yenye mtoto.