Aliyeizika Baiskeli Yake Mwenyewe

Haya yametoka kinywani mwa Irja Väyrynen, Jumanne iliyopita, akimenya viazi jikoni kwake Oulu, Finland.

Saa kumi alfajiri. Irja, mwenye miaka hamsini na saba, anakanyaga pedali kwenda kazini. Theluji imeshuka sentimita ishirini na mbili usiku kucha, nayo ndiyo kazi yake: kuendesha trekta lenye bamba la chuma mbele na kusafisha kilometa kumi na moja za njia ya baiskeli kabla ya saa moja. Lakini njia ya kulifikia trekta hajaisafisha mtu, maana msafishaji ndiye yeye.

Mita mia tatu kabla ya yadi linakolala trekta, magurudumu yanagoma. Anaiegemeza baiskeli kwenye nguzo ya kibao, anamalizia kwa miguu.

"Nikasema nitaichukua nikirudi," asema. "Ukiwa na haraka, kichwa kinabaki kitandani."

Haraka ilikuwa na sababu. Malalamiko mawili yalikwisha kuletwa kwa simu msimu huu. Likija la tatu kabla ya Pasaka, msimamizi alimwonya, njia atapewa mwingine, yeye aende kusafisha maegesho.

"Miaka kumi na tisa nawahudumia watu wa baiskeli. Leo nikayatumikie magari?"

Malalamiko yote mawili yalitoka kwa Taisto Kurkela, mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minane. Kila asubuhi huenda kwa baiskeli kuoga kwenye tundu lililotobolewa katika barafu ya mto, rula mfukoni. Theluji ikizidi sentimita tatu njiani, anapiga simu.

Balaa ni kwamba hawa wawili ni marafiki wa njiani. Irja akitoka kazini huendesha naye bega kwa bega, mzee akimsema dereva wa trekta mpaka wanaachana. Hajui kwamba dereva ndiye huyu, ndani ya trekta huonekana kofia tu.

"Yule huendesha huku amelala," husema Taisto.

"Na anakoroma," huitikia Irja.

Basi siku hiyo saa mbili, kazi imekwisha, Irja akarudi kwenye nguzo. Baiskeli hakuna. Kuna ukuta wa theluji unaofika kiunoni, umesukumwa kwa ufundi, na mkono mmoja wa usukani umechomoza kama sikio la sungura.

Alikuwa akichimba kwa mikono Taisto alipofika.

"Dada, nani kakufanyia hivi?" Akatoa simu. "Yule yule. Leo namaliza naye."

"Acha, mwalimu."

"Usimwonee huruma. Kazika mali ya watu."

Simu ikaanza kuita.

"Ni mimi," Irja akasema.

"Wewe nini?"

"Dereva. Nimeizika mwenyewe."

Mzee akakata simu. Akairudisha mfukoni.

"Miaka mitatu nakusema, na wewe unaitikia?"

"Mengine yalikuwa kweli."

Taisto akachutama, akapima njia. Sentimita moja na nusu. Akasogea mbele, akapima tena. Kisha akapiga simu kusifu kazi. Karani aliyepokea akamuuliza mara tatu lalamiko lake ni lipi, maana fomu haina mahali pa sifa.

"Basi andika nalalamikia fomu," akasema mzee.

Wakaisukuma baiskeli hadi nyumbani kwa Irja, gurudumu la mbele limepinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa.

Pasaka bado wiki saba. Irja anataka kuifikia akiwa na njia yake, aisafishe hadi astaafu. Baiskeli sasa ataiingiza yadini, hata kwa kuibeba mgongoni.

Siku hiyo saa saba mchana, supu ya samaki imeliwa, ujumbe wa Taisto ukaingia: "Nimepima tena. Sentimita mbili kasoro. Lala, na usikorome."

Irja akavuta pazia, akalala.