Mashine Nane za Dada Spès

Bwana Anselme, directeur na mukubwa wa centre ya ufundi hapa Musaga, anasema kompyuta zake kumi na sita ni nzima kwa sababu zinawaka. Taa ya choo pia inawaka. Sijaona mutu anayejifunza kazi ndani ya choo.

Naandika habari ya dada yangu Spès kwa sababu watu wanamusema vibaya, eti amevunja vitu vya centre. Mi nilikuwa pale. Nauzaga mandazi chini ya dirisha la chumba cha kompyuta, na dirisha lenyewe halina kioo.

Spès ndiye alikuwa fundi wa zile kompyuta. Kazi hiyo hakuitoa kwenye shule kubwa. Marehemu baba yetu alikuwa fundi wa magari mutaa wa Buyenzi, na Spès alikulia katikati ya mafuta machafu. Kule gari haifi. Wanatoa motor ya hii, milango ya ile, magurudumu ya nyingine, na jioni gari moja inatoka inatembea. Baba alikuwa anasema, "Gari mbili zilizolala hazipeleki mutu sokoni. Chagua moja, uiamushe." Spès alianza na redio, akapita kwa simu, akafika kwa kompyuta. Akifungua mashine hanyamazi, anaitukana polepole mupaka inapona.

Mwaka huu centre ilianza kufundisha vijana kutengeneza programu za simu. Kwa kazi hiyo lazima kwanza uweke kwenye kompyuta programu moja kubwa, na hiyo programu inakula memori kama wageni wa arusi wanavyokula wali. Inataka giga nane. Kompyuta za centre zilikuja kutoka Ulaya zikiwa zimechoka, na kila moja ina giga nne. Spès alimwambia directeur siku ya kwanza. Directeur akajibu: "We weka tu. Alama yake ionekane kwenye écran, pale kwenye kioo, inatosha."

Akaweka. Siku tatu alikaa mule ndani anafuta michezo, anafuta picha za watu wasiojulikana, anatafuta nafasi. Alama ikaonekana kwenye zote kumi na sita. Lakini ukibonyeza, unaweza kwenda kununua mukate na kurudi, bado inazunguka.

Examen, yaani mutihani, ya mwezi wa sita ilifanyika hivyo hivyo. Walipewa masaa mawili. Programu ilifunguka baada ya dakika arobaini, kisha écran zikaganda. Wanafunzi wote kumi na sita wakaanguka. Directeur akasimama mbele yao na shati lake jeupe: "Programu iko. Mashine iko. Kinachokosekana ni kichwa."

Kichwa! Joëlla, ambaye baba yake anabeba mizigo bandarini, alikuwa ameandika kazi yake yote kwa kalamu kwenye daftari, mustari kwa mustari, kwa sababu mashine haikumupa nafasi ya kuiandika. Programu yake ni ya kuwaambia wabeba mizigo meli gani inafika kesho, wasitembee bure toka alfajiri. Huyo ndiye hana kichwa?

Wakapewa examen ya mwisho, siku ya Ijumaa. Atakayeanguka tena anarudi nyumbani bila karatasi ya kumaliza masomo. Na asubuhi hiyo hiyo, wageni wa mradi unaosaidia centre walikuwa wanakuja kutembelea.

Alhamisi Spès alifungua mashine zote. Akatoa memori kwenye nane, akaiongeza kwenye nane nyingine. Programu ikafunguka kwa dakika mbili. Akaandika ubaoni: wanafunzi nane asubuhi, nane muchana. Directeur akaingia.

"Spès! Hizi zimekufa kwa nini?"

"Hazikufa, Mukubwa. Zimetolea wenzao damu."

"Kesho wageni wanataka kuona kumi na sita! Kwenye rapport niliandika kumi na sita!"

"Kwani wageni ndio wanafanya examen?"

"Rudisha."

"Apana."

"Nasema rudisha!"

"Na mi nasema apana. Joëlla akianguka tena, utamwambia tena hana kichwa?"

Directeur akamunyang'anya ufunguo, akaita fundi mwingine kutoka mujini. Jioni memori ikarudi ilikotoka.

Ijumaa zikawaka zote kumi na sita, nzuri kama duka. Wageni wakapita katikati, wakapiga picha, wakaenda kunywa Fanta kwenye bureau ya directeur, wakaondoka. Examen ikaanza, programu bado inazunguka.

"Mwalimu," Mirindi akasema, ule kijana wa Uvira asiyeachaga mizaha, "yangu imeshafika Kigoma na kurudi, bado haijafunguka." Mwalimu wa kusimamia akatazama saa, akatazama chini.

Spès akaingia na bisibisi mukononi.

"Sitagusa mashine ya mutu asiyetaka. Nane wazime, watolee wenzao memori. Wao watafanya muchana."

Nani wa kuamini muchana ya Bwana Anselme? Nilimuona Joëlla ameshika daftari lake kwa mikono miwili. Halafu akazima mashine yake, akainama, akachomoa waya.

"Chukua, yaya," akasema, vile tunavyomuitaga dada mukubwa.

"Na yangu," Mirindi akasema. "Hata hivyo ilikuwa inachemka tu kama jiko."

Wengine sita wakafuata. Spès alifanya kazi nusu saa, anatukana, jasho linamutoka. Alipomaliza, mwalimu alifuta ubaoni saa ya kuanza, akaandika mupya, wasipoteze muda wao. Sikutegemea afanye hivyo.

Saa saba directeur akaja na kufuli. "Examen imekwisha. Ambao hawakufanya, pole yao."

Spès akaweka mukono kwenye ukingo wa mulango. "Funga. Funga na mukono uko ndani."

"Toka leo huna kazi hapa."

"Sawa. Si ufunge basi?"

Wale nane waliomaliza hawakuwa wameenda kula. Wakaja kusimama nyuma yake, mabega kwa mabega. Directeur akawatazama mumoja mumoja. Akaondoka na kufuli lake, akaenda kuandika ile barua ambayo sasa imebandikwa kwenye lango: eti Spès ameharibu mali ya centre. Mimi naipitaga kila asubuhi na damu inanichemka.

Joëlla aliingia, akakaa, na programu ikamufungukia.

Kumi na tatu wamepata karatasi, Joëlla na Mirindi wakiwemo. Watatu wameanguka, lakini wameanguka kwa makosa yao wenyewe, na hiyo ilikuwa haki yao. Mumoja wao alikuja nyumbani Jumapili kumushukuru Spès.

"Niliruka somo la tatu," akamwambia. "Sasa najua ni lile lililoniangusha."

"Kaa chini, mujinga we," Spès akasema. "Nitakuonyesha."