Mtangaza Bingo na Kesi ya Maji

Mama anayetangaza namba za bingo, ule mchezo wa bahati wa kadi, kwenye redio yetu ya Wakri, wenyeji wa kaskazini mwa Kanada, ana sauti ya beleshi likikwangua barafu, na kabla ya kila namba hufyonza chai kwanza, sote tukimsikia. Mawakili walituletea matangazo ya haki zetu katika kesi ya maji machafu; tukayafungia samaki. Jana, mchezo ulipofika patamu, mama akasimamisha mchezo. "Kesi tulishinda, ila asiyedai fidia kufikia Ijumaa hana chake. Bibi Philomène, umedai?" Bibi akapiga simu redioni akifoka: "We mtoto, nimebakiza namba moja tu! Itaje!" "Mpira wa namba ninao mkononi, bibi. Dai kwanza." Akafyonza chai. Kijiji kizima, kadi mkononi, kikavaa mabuti kwenda kumkalia bibi kooni adai, mchezo uendelee.